Taa za Mbele za Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wamiliki wa Magari Yaliyotumika Japani

Majibu haya yanawahusu zaidi wamiliki wa magari madogo yaliyotumika Japani kabla ya kuingia Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kuwa ndiyo magari yaliyojaa barabarani kwetu na mengi hufika yakiwa na taa zilizokwisha kuchoka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka 8, Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania haizuii gari kuukuu bali hulitoza kodi kubwa zaidi. Kwa vyovyote vile, taa inayofika mikononi mwa mmiliki wa kwanza wa hapa imekwisha kukaa juani kwa miaka mingi, na mara nyingi ndiyo sehemu ya gari inayokaguliwa kwa haraka kuliko zote wakati wa kununua. Humu mwanga wa chini utaitwa dimu na mwanga wa juu utaitwa fulu, kama madereva na mafundi wanavyosema.

Taa zangu zote mbili zinawaka, lakini usiku sioni mbali. Je, nibadilishe balbu?

Usianze na balbu. Taa ya mbele inaweza kuwaka vizuri machoni pa mtu aliyesimama mbele ya gari, na bado isimsaidie dereva, kwa sababu ya mambo matatu: lenzi (kioo cha nje cha taa) iliyofubaa, umeme pungufu unaofika kwenye balbu, na taa iliyoelekezwa vibaya. Balbu ni jambo la nne. Hata hivyo, wamiliki wengi huanzia hapo, wakanunua balbu yenye wati nyingi zaidi, na kwa kufanya hivyo wakaongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza ambalo halijaondoka.

Njia rahisi ya kutenganisha sababu hizo ni kulitazama gari mchana kabla ya kuliangalia usiku. Ikiwa unaona wazi kikombe cha ndani kinachong'aa na balbu yenyewe kupitia lenzi, basi lenzi si mkosaji mkuu. Ikiwa unaona ukungu au rangi ya njano, anza hapo, kwa maana hakuna balbu itakayoshinda lenzi ya namna hiyo.

Kioo cha taa kimekuwa cha njano. Kinapunguza mwanga kwa kiasi gani?

Kinapunguza kuliko watu wengi wanavyodhani. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha mwaka 2018 matokeo ya vipimo vilivyoonyesha kwamba taa zenye lenzi zilizozeeka zilitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya za aina ileile. Mwenye gari haoni upungufu huo ukitokea kwa sababu unakuja kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na macho yake yanauzoea.

Tangu miaka ya 1980 watengenezaji walianza kuacha kioo halisi na kutumia plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haivunjiki kwa kokoto. Plastiki hiyo peke yake haistahimili miali ya urujuanimno ya jua, kwa hiyo kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuilinda. Utando huo ukiisha, jua hushambulia plastiki yenyewe. Gari linaloegeshwa nje kutwa nzima Dar es Salaam, Dodoma au Mombasa, huku mchanga na vumbi vikiusugua utando huo barabarani, huufikia mwisho wake mapema kuliko gari linalolala na kushinda chini ya paa.

Je, dawa ya meno au sprei ya kufukuza mbu husafisha taa?

Dawa ya meno ina chembechembe laini za kusugua, kwa hiyo huondoa ukungu wa juujuu na taa huonekana safi kwa wiki chache. Sprei ya mbu ni jambo jingine kabisa: zile zenye kemikali ya DEET huyeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana lenzi hung'aa papo hapo mbele ya macho ya mteja, kisha hupasuka nyufa ndogondogo na kufubaa vibaya kuliko mwanzo. Ukiona kijana wa kuosha magari anakuja na chupa hiyo, mkatalie kwa upole.

Usafishaji wa kweli hufanywa kwa msasa wa maji kwa hatua. Fundi huanza na namba 800 au 1000 kufuatana na ubovu wa lenzi, huenda 1500, kisha 2000 na 3000, na kila hatua hufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Baada ya hapo lenzi hung'arishwa na kupakwa vanishi angavu yenye kinga dhidi ya jua. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka, kwa sababu mteja ameshafurahia kuona taa ikimetameta na ameshatoa fedha. Bila kinga hiyo, njano hurudi baada ya miezi michache, tena haraka kuliko awali, kwa kuwa msasa umeondoa hata mabaki ya utando wa kiwandani. Kabla hujakubaliana bei, muulize fundi atapaka nini baada ya kusugua, na umwombe akuonyeshe kopo lake.

Katika vipimo vile vya AAA, usafishaji ulirudisha mwanga hadi takriban asilimia 70 ya ule wa taa mpya. Ni nafuu kubwa kwa gharama ndogo, ingawa haifikii taa mpya.

Nikiamua kubadilisha taa nzima, ninunue mpya ya bei nafuu au iliyotumika kutoka Japani?

Inategemea hali ya hiyo iliyotumika. Taa halisi ya kiwandani, hata ikiwa imetumika, kwa kawaida ina kikombe cha ndani kilichochongwa kwa usahihi unaorusha mwanga mahali panapostahili, na kama lenzi yake bado ni safi, hiyo ndiyo ningeichagua. Taa mpya za kuiga zinazouzwa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala zinatofautiana sana: baadhi ni nzuri, na nyingine zinafanana na taa halisi kwa sura tu, huku mwanga wake ukitawanyika bila mpaka.

Kabla ya kulipa, omba taa iwashwe kwa betri dukani na imulikwe ukutani. Angalia pia masikio ya taa, yaani vile vishikizo vya plastiki vinavyoifunga kwenye bodi. Taa yenye sikio lililogundishwa kwa gundi itatikisika kwenye barabara ya vumbi, na mwanga wake utacheza juu na chini hata ukiwa umeirekebisha vizuri namna gani.

Ninajuaje kama umeme unaofika kwenye balbu ni pungufu?

Kwa kipima volti, ambacho kila fundi umeme wa magari anacho. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, pima kwenye betri, ambako unatarajia takriban volti 13.5 hadi 14.5, kisha pima kwenye meno ya soketi ya balbu huku balbu ikiwaka. Tofauti inayozidi nusu volti inastahili kutafutiwa sababu. Balbu ya halojeni, yaani ile ya kawaida yenye waya unaowaka, ni nyepesi kuhisi upungufu huu: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Mara nyingi tatizo hujionyesha lenyewe. Chomoa soketi ya balbu ya H4, aina inayotumika katika Probox na Vitz nyingi, uitazame kwa makini. Ikiwa plastiki yake imegeuka ya kahawia au imeyeyuka kando ya jino moja, ikiwa meno ya shaba yamekuwa meusi, au ikiwa waya mmoja umekakamaa na unakatika ukiukunja, basi umeme mwingi unaishia hapo kama joto badala ya kuwa mwanga. Soketi mpya ya ubora mzuri ina bei ndogo mno ukilinganisha na hasara inayozuia. Kisha fuata waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, mpaka pale unapofungwa. Kutu chini ya skrubu hiyo moja inatosha kufifisha taa, na hapo ndipo penye kosa kwa gari lililokaa miaka mingi karibu na bahari, kama Tanga, Zanzibar au Lamu.

Je, nikifunga balbu za LED katika taa za halojeni nitaona vizuri zaidi?

Swali hili linaulizwa kuliko mengine yote, na jibu lake linawakera wauzaji: mara nyingi utaona mwanga mwingi zaidi karibu na gari, mwanga mdogo zaidi mbali, na utawafumba macho wanaokuja mbele yako.

Kikombe cha ndani cha taa ya halojeni kimechongwa kwa ajili ya waya mmoja mwembamba unaowaka, mahali pamoja palipopimwa kwa usahihi wa sehemu za milimita. Ndani ya balbu ya H4 kuna nyaya mbili, mmoja wa fulu na mmoja wa dimu, na chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma ambacho kazi yake pekee ni kuuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya kikombe kikubwa, kwa sababu mwanga wa huko ungerushwa juu machoni pa watu. Balbu ya LED ya kubandika ina vipande bapa vya kutoa mwanga pande mbili, na vikikosewa kidogo tu, mpangilio huo wote unavurugika. Mwanga unaojaa mita chache mbele ya bampa humfanya dereva ahisi kwamba anaona sana, na wakati huohuo macho yake hubana na kushindwa kuona kilichoko mbali gizani. Ninaliona jambo hili kuwa la hatari zaidi ya taa hafifu, kwa sababu mwenye taa hafifu anajua kwamba haoni.

Hatusemi kwamba LED ni mbaya. Taa iliyobuniwa tangu kiwandani kwa ajili ya LED ni nzuri sana. Hata balbu za kubadilisha zipo zilizopimwa: Ujerumani iliruhusu za kwanza mwaka 2020, lakini kwa orodha ya modeli maalumu za magari, na kila modeli ikapimwa peke yake. Balbu ya kwenye meza ya mchuuzi isiyotaja gari lolote haiko katika kundi hilo.

Kama unataka mwanga zaidi kwa njia salama, safisha lenzi, rekebisha nyaya, kisha nunua jozi ya balbu za halojeni za kampuni inayoaminika zenye wati zilezile, yaani 60/55 kwa H4. Epuka pia zile za wati 100/90, kwa kuwa nyaya na soketi za gari hazikupangiwa mzigo huo, na joto lake hubabua utando unaong'aa ndani ya kikombe.

Gari langu lina taa za zenoni, na taa moja huzimika kisha huwaka tena. Kuna hatari gani?

Taa za zenoni, au HID kama zinavyoitwa madukani, hazina waya ndani ya balbu. Kifaa kiitwacho balasti hupiga umeme unaozidi volti 20,000 kwa muda mfupi ili kuwasha cheche kati ya ncha mbili, kisha huishikilia kwa wati 35. Umeme huo unaweza kumdhuru vibaya au kumuua mtu, kwa hiyo usiruhusu mtu yeyote achomoe balbu ya zenoni huku swichi ya taa ikiwa imewashwa.

Kuzimika na kuwaka tena kwa kawaida ni dalili ya balbu iliyofikia mwisho, na dalili nyingine ni mwanga wake kugeuka wa waridi au zambarau. Wakati mwingine mkosaji ni balasti au kompyuta ndogo inayoziongoza taa. Njia ya kupambanua bila gharama ni kuhamisha balbu ya kushoto kwenda kulia: tatizo likihama nayo, nunua balbu, tena mbili, likibaki palepale, tazama balasti na nyaya zake.

Suala hili liliwahi kuwa kubwa. Nchini Marekani, wamiliki wengi wa Toyota Prius za miaka ya 2006 hadi 2009 zenye taa za HID walilalamika kwamba taa moja au zote mbili zilizimika wakiwa njiani usiku, na kwamba ziliwaka tena baada ya kuzima na kuwasha swichi. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, NHTSA, ilifungua uchunguzi mwaka 2009, na malalamiko mengine yakafika mahakamani. Anayenunua Prius ya kizazi hicho leo, popote, aziwashe taa kwa muda mrefu wakati wa majaribio badala ya kuridhika na dakika moja.

Kile kigurudumu chenye namba 0 hadi 5 karibu na usukani ni cha kuongeza mwanga?

Hapana. Ni cha kuinua na kushusha uelekeo wa taa. Namba 0 ni kwa gari lenye dereva peke yake au na abiria wa mbele. Kadiri buti linavyojaa mizigo na siti za nyuma zinavyojaa watu, pua ya gari huinuka na taa hutazama juu, kwa hiyo unaongeza namba ili kuishusha. Dereva aliyeiacha kwenye 4 akidhani ameongeza mwanga ameushusha mwanga wake hadi mita chache mbele ya gari. Kabla ya kwenda kwa fundi yeyote kwa tatizo la kutoona mbali, angalia kigurudumu hiki.

Magari mengi ya zenoni hayana kigurudumu hicho, bali hujirekebisha yenyewe kwa kihisi kilichofungwa kwenye sehemu ya nyuma ya chini. Mkono mdogo wa kihisi hicho huvunjika kwa urahisi kwenye barabara mbovu, au huachwa ukining'inia baada ya kubadilisha springi, na hapo taa hubaki zimetazama chini au juu.

Ninawezaje kupima uelekeo wa taa mwenyewe?

Unahitaji ukuta, ardhi iliyo sawa, na utepe wa kubandika. Jaza upepo wa matairi kama inavyotakiwa, weka kigurudumu kwenye 0, na mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari mpaka karibu na ukuta na ubandike alama sawasawa na kitovu cha kila taa. Kisha rudi nyuma moja kwa moja mpaka mita 10, washa dimu, na utazame mpaka kati ya mwanga na giza.

Kwa gari la nchi zinazoendesha kushoto, mpaka huo huwa umelala upande wa kulia na hupanda kuelekea kushoto, ili kumulika mtembea kwa miguu na alama za pembeni bila kumfumba macho anayekuja. Sehemu iliyolala inapaswa kuwa takriban sentimita 10 chini ya alama yako, yaani mteremko wa asilimia 1. Ikiwa iko juu ya alama, unawaumiza wengine. Ikiwa iko chini sana, unajiumiza mwenyewe: taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikiwa na mteremko wa asilimia 1, hufikisha mwanga mita 65 mbele, lakini mteremko ukiwa wa asilimia 3 mwanga huishia kwenye mita 22 hivi. Huo ndio ukubwa wa kosa ambalo skrubu moja inaweza kulifanya.

Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa, na kwa magari mengi ya Kijapani hufikiwa kwa bisibisi ndefu ya nyota kupitia tundu lililo juu. Geuza robo mzunguko, tazama ukuta, kisha ugeuze tena. Kama mpaka wa mwanga hauonekani kabisa, bali kuna wingu la mwanga tu, rudi kwenye swali la balbu za LED au kwenye swali la taa za kuiga. Rudia kipimo hiki kila baada ya ajali ndogo ya mbele, kubadilisha balbu au kuinua gari kwa springi ndefu zaidi.

Nimenunua gari lililotoka Marekani, Ulaya au Dubai. Je, taa zake zinafaa hapa?

Huenda hazifai. Huko wanaendesha upande wa kulia, isipokuwa Uingereza, Ireland, Malta na Kupro, kwa hiyo mpaka wa mwanga wao hupanda kuelekea kulia, na hapa kwetu huo ndio upande wa anayekuja mbele yako. Kwa taa zenye alama ya kimataifa, yaani herufi E na namba ndani ya duara, tafuta mshale karibu na alama hiyo. Ukiwa umesimama mbele ya gari unaitazama taa, mshale unaoelekea kulia kwako humaanisha taa ya kuendeshea kushoto, mshale wa pande mbili humaanisha kwamba taa inaweza kubadilishwa kwa pande zote, na kutokuwapo kwa mshale humaanisha taa ya kuendeshea kulia.

Kwa wasomaji wa Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi hali ni kinyume: barabara zao ni za kuendesha kulia, na magari mengi ya Japani yaliyoko huko yana taa zinazopanda kushoto, moja kwa moja machoni pa wanaokuja. Kuzishusha kidogo hupunguza madhara lakini hakuyaondoi. Dawa ni kufunga taa za upande unaostahili pale zinapopatikana.

Kuna ukungu wa maji ndani ya taa. Ni ubovu?

Ukungu mwembamba unaotokea baada ya mvua au kuosha gari na kutoweka taa zikiwashwa kwa muda ni wa kawaida, kwa kuwa taa ina matundu madogo ya kupumulia. Matone makubwa au maji yaliyotuama chini ya lenzi ni ubovu. Kagua kwanza kifuniko cha mpira nyuma ya balbu, ambacho mafundi husahau kukirudisha, kabla ya kumruhusu mtu kuifungua taa kwa kuipasha moto. Usiikubali fikra ya kutoboa tundu la kutolea maji. Tundu hilo litaingiza vumbi ambalo halitatoka tena.

Taa zote mbili zikizimika ghafla nikiwa njiani usiku, nifanye nini?

Shika usukani palepale ulipokuwa unaelekea na uachie mafuta bila kukanyaga breki kwa nguvu. Vuta mkono wa taa kana kwamba unawapigia wengine fulu, kwa sababu katika magari mengi fulu ina waya au fyuzi yake na inaweza kuwaka hata kama dimu imekufa. Washa hazadi, washa taa za ukungu kama zipo, na usogee taratibu pembeni mpaka utoke kabisa kwenye lami. Abiria washuke upande usio wa barabara na wakae mbali na gari, na pembetatu ziwekwe mbali vya kutosha ili lori lililobeba mzigo lipate nafasi ya kupunguza mwendo. Usiendelee na safari kwa kufuata taa za gari lililo mbele, hata kama umebakiza kilomita chache.

Kuhusu chanzo, ni nadra balbu mbili kuungua kwa sekunde ileile. Magari mengi ya Kijapani yana fyuzi moja ya dimu ya kushoto na nyingine ya kulia, kwa hiyo zote mbili zikizimika pamoja, mtazamo wa kwanza uwe kwenye vitu vinavyoshirikiwa: rilei (swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye taa), swichi ya kwenye usukani na ethi. Lakini ikiwa balbu moja iliungua wiki mbili zilizopita na hukuijali, basi ya pili imeifuata tu, kwa kuwa zilifungwa siku moja. Ndiyo sababu balbu hubadilishwa mbili kwa pamoja, na kioo cha balbu ya halojeni hakishikwi kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto kupita kiasi na kuifupishia maisha.

Ni mwendo gani ulio salama nikitumia dimu?

Ni mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayechukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki amekwenda mita 33 kabla breki hazijashika, na kwenye lami kavu anahitaji takriban mita 35 nyingine. Jumla inakaribia mita 70, wakati dimu, hata iliyo nzima, inaweza isimwonyeshe mtu aliyevaa nguo nyeusi mpaka awe karibu zaidi ya hapo. Kwa kilomita 60 kwa saa jumla hiyo hushuka hadi mita 45 hivi.

Hesabu hii ina maana zaidi barabarani kwetu, ambako mwendesha baiskeli asiye na taa, ng'ombe, na lori lililoharibika likaachwa bila pembetatu vyote hutokea kwenye lami ileile. Katika kipande cha barabara ya Morogoro kwenda Iringa kinachopita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, au barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inapokatiza Tsavo, wanyama huvuka usiku pia.

Anayekuja mbele akikataa kushusha taa, nimrudishie fulu?

Usimrudishie. Mkumbushe mara moja kwa kupepesa, kisha peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara na upunguze mwendo mpaka mpishane. Madereva wawili wasioona wanapishana vibaya kuliko dereva mmoja asiyeona. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku Tanzania mwaka 2023, mipishano ya namna hii imekuwa sehemu ya kila safari ndefu, kwa hiyo safisha pia kioo cha mbele kwa ndani, kwa sababu utando wa vumbi na moshi ulioko hapo ndio unaousambaza mwanga wa wengine machoni pako.

Je, kuna ushahidi kwamba taa bora hupunguza ajali?

Upo. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilipoanza kuyapanga magari kwa ubora wa taa mwaka 2016, ni gari moja tu kati ya 31 ya ukubwa wa kati lililopata daraja la juu, na magari hayo yote yalikuwa mapya. Mwaka 2021 taasisi hiyo ilieleza kwamba magari yenye taa za daraja la juu yalipata ajali za usiku zinazohusisha gari moja pungufu kwa asilimia 19, na kugonga watembea kwa miguu pungufu kwa asilimia 23, yakilinganishwa na yenye taa za daraja la chini.

Nitajuaje kama taa za gari langu zina kasoro ya kiwandani iliyotangazwa?

Kasoro hizo zipo kweli. Mwaka 2014 General Motors iliita zaidi ya magari 300,000, yakiwemo Chevrolet TrailBlazer, GMC Envoy na Buick LaCrosse, kwa sababu kifaa cha kuongoza taa kingeweza kupata joto kupita kiasi na kuyeyuka, na dimu zikazimika. Hakuna mmiliki ambaye angeiona kasoro hiyo kwa kuitazama taa.

Kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, namba ya chasisi haina tarakimu na herufi 17 kama za Marekani au Ulaya. Huanza na alama ya modeli, kwa mfano NZE141, ikifuatwa na kistari na tarakimu. Kwa hiyo mfumo wa kutafutia wa NHTSA hautakusaidia. Tumia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, ambayo ina ukurasa wa kuingiza namba hiyo ya chasisi, au taarifa za Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani, na uache programu ya intaneti ikutafsirie. Ukikuta tangazo linalohusu gari lako, lichapishe na umwandikie wakala wa mtengenezaji aliye nchini kwako. Huenda asikubali kulitengeneza bure gari ambalo hakuliuza, lakini sasa unajua kifaa kipi kibadilishwe, na kujua huko kunaondoa kubahatisha kwa gereji.

Muuzaji aliniuzia gari akasema taa ni nzima, kumbe zina kasoro. Nina haki gani?

Tanzania ina Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo pamoja na mambo mengine inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Kinachoyashinda malalamiko mengi ni kukosa kumbukumbu, kwa kuwa makubaliano yote yalikuwa ya mdomo.

Kwa hiyo, siku ya kununua, andika katika hati ya mauzo hali ya taa, aina ya balbu, na kama taa ni halisi au zimebadilishwa. Piga picha ya mwanga ukutani ukiwa mita 10, taa ya kushoto na ya kulia kwa zamu huku ukiziba nyingine. Tatizo likijitokeza baadaye, mwandikie muuzaji ukitaja tarehe, kilichotokea, mahali na mwendo uliokuwa nao, na uambatanishe maelezo ya fundi yenye vipimo vya volti badala ya maneno kwamba taa ni mbovu. Balbu, fyuzi au soketi iliyoungua usiitupe. Itie kwenye mfuko, andika juu yake tarehe ilipochomolewa na upande wa gari ilikotoka, uitunze pamoja na risiti mpaka shauri liishe.